Mafuta ya Njugu

Kitale, Jumanne, Agosti 2009

Bado naangalia viwiko vya mwanangu Nekesa, pale ngozi imepasukapasuka tangu azaliwe. Ati njugu ziliingilia hapo!

Jumapili nilimwonjesha uji wa njugu kwa mara ya kwanza. Kijiko kimoja tu. Midomo ikavimba, kifua kikaanza kulia, tukakimbia naye hospitali.

Leo tulirudi. Daktari akaniuliza, "Mama, unampaka nini?" Nikamwambia ukweli. Nikisaga njugu za kuuza, mafuta yanayoelea juu nayaweka kwa chupa, nampaka pale palipopasuka. Mama mkwe wangu wa Chwele ndiye alinifundisha.

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema watafiti hawajamaliza kuchunguza, lakini wanashuku kwamba chakula kikipitia ngozi yenye vidonda kabla ya kupitia mdomoni, mwili unaweza kudhani ni adui. Halafu unakingojea.

Nimeduwaa. Mtoto hata meno hana, na mwili wake umeshajifunza kitu, ukakiweka, mimi mama yake nisijue.

Jioni nilimpigia mama mkwe simu, nikamweleza. Akasema polepole, "Si hata bwana yako nilimpaka hayo mafuta. Lakini yeye ngozi yake ilikuwa nzima."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa Nekesa analia anataka kubebwa. Nimenawa mikono kwa sabuni mara tatu. Bado inanukia njugu.