Gladstone Si Mtu

Orofani, nyuma ya duka la vioo,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji mgongo umemwachia? Na wanangu, wameizoea baridi au bado wanalala na soksi? Huku sisi wazima. Mama sasa anatembea mwenyewe hadi dirishani kugombana na wapita njia, basi ujue amepona. Nimekaa nikuandikie maana nina habari, Dada, nina habari!

Unakikumbuka kile kitabu cha marehemu baba kisicho na jalada, ile riwaya ya zamani ya majasusi wa Kiingereza? Kikundi chetu cha maigizo kiliniomba nikigeuze kiwe mchezo wa Kiswahili. Nikawa natafsiri pale mapokezi kwenye zahanati ya meno, wagonjwa wameshika mashavu. Sura ikiisha nawapa wenzangu, nao wanaanza mazoezi. Hata sikungoja nifike mwisho wa kitabu. Unanijua nilivyo na haraka.

Shida ya kitabu hicho ni kwamba hakielezi kitu. Kinadhani kila msomaji ni Mwingereza wa miaka mia iliyopita. Shujaa wake kila aendako yuko na Gladstone. Kaingia garimoshi, Gladstone yumo. Kafika hotelini, Gladstone huyo. Mimi nikasema huyu ni mtumishi, tena mwaminifu, maana hafungui mdomo hata siku moja. Mahali fulani shujaa "akamfunga mikanda akamsukuma chini ya kiti." Nikaona, aa, mabwana wa zamani walikuwa na roho mbaya, nikaandika hivyo hivyo.

Sasa nani aigize mtu asiyesema neno? Baba Mdogo! Tangu Mama Mdogo atutoke, wajua, alikuwa hatoki. Anatengeneza majokofu ya watu uani kwake, ukimsalimu anakujibu kwa kichwa. Fundi cherehani, ambaye ndiye mwongozaji wetu, alimwendea mwenyewe. Akamwambia, "Njoo tu. Hutasema chochote, utamfuata bwana wako basi."

Akaja. Dada, akaja! Kapiga pasi koti lake la harusi, anawahi mazoezini kuliko sote, anamfuata kinyozi wetu, ambaye ndiye shujaa, hatua kwa hatua. Kwenye garimoshi anatambaa chini ya benchi bila kulalamika. Mwishowe akaanza kubaki kunywa chai na wenzake.

Kisha nikafika sura za mwisho. Shujaa "akafungua Gladstone, akatoa mashati mawili na wembe." Nilipiga kelele, mgonjwa mmoja akaniuliza kama na mimi naumwa jino. Nikakimbilia maktaba kwenye kamusi kubwa. Gladstone ni mkoba! Mkoba wa ngozi wa safari, uliopewa jina la mwanasiasa wao wa zamani. Nilimfanya Baba Mdogo mkoba!

Nilicheka peke yangu, halafu nikamfikiria yeye. Nikimnyang'anya nafasi hiyo, atarudi kwa majokofu yake na hatutamwona tena.

Lakini kamusi ilikuwa bado wazi mbele yangu, nikaona nitafute na fumbo jingine. Kuna mahali "Buti lilipanda ngazi, likasema mgeni ametoroka." Buti linasema? Nilidhani wachapaji walikosea, nikaruka. Fundi cherehani akawa haishi kuuliza: shujaa kajuaje kwamba jasusi katoroka? Kumbe kwenye hoteli zao za zamani, mfanyakazi wa kung'arisha viatu vya wageni aliitwa Buti. Ni mtu, Dada! Mtu kamili, na anasema!

Nikaenda mbio kwa Baba Mdogo, nikamkuta nyuma ya jokofu. Nikamweleza yote. Akaweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo siku zote hizo mimi ni begi?"

"Ndiyo, Baba."

Alicheka mpaka akaliegemea jokofu! Tangu msiba sijakisikia kicheko kile. Nikamwambia habari za Buti, kikakatika.

"Huyo anasema?"

"Sentensi moja tu. Lakini bila yeye mchezo hauna maana."

Akaokota bisibisi, akaiweka tena. "Isome nisikie."

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ukumbi wa maktaba ulijaa, wengine wamesimama mlangoni. Baba Mdogo akaingia na brashi mkononi, akasimama. Kinyozi akakohoa. Mimi nyuma ya pazia nang'ata leso.

"Bwana," akasema, na sauti ikafika hadi viti vya nyuma, "mgeni wa chumba cha juu ametoroka kwa mlango wa nyuma."

Kinyozi akageuka akimbie. Baba Mdogo akamdaka mkono. "Ngoja, bwana. Jasusi hafukuzwi ukiwa na viatu vichafu." Hayo hayamo kitabuni, wala mimi sikuyaandika! Akapiga goti, akavisugua, taratibu, kimoja baada ya kingine. Ukumbi ukaangua kicheko, Mama akapiga makofi mpaka khanga ikamdondoka.

Njia nzima ya kurudi alikuwa Baba Mdogo tu anayeongea. Kinyozi hajui kukimbia, taa zilikuwa hafifu, reli ya pazia inahitaji mafuta. Mlangoni kwake akanigeukia: "Safari nyingine umalize kitabu kwanza. Na unitafutie mtu mwenye maneno mengi, huyu Buti kanibana."

Mama anakusalimu sana. Baba Mdogo naye anakusalimu, na safari hii ni kwa mdomo wake. Mbusu kitinda mimba, mwambie shemeji apumzishe mgongo. Mungu awalinde huko, atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupumzika,
Kiherehere