Mwiteni Katana Aingie Ndani

Magongo, Changamwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeketi, goti limepoa, na kifua hakikusumbui kama wakati ule wa mvua. Mimi naamka, nakwenda kazini, narudi. Mgongo unalalamika lakini bado unabeba. Mke wangu Sidi aliniambia mahindi ya bondeni yamesimama vizuri mwaka huu, nami nikafurahi kana kwamba nimeyapalilia mwenyewe.

Barua hii anakuja nayo Kahindi, mwana wa jirani yetu. Nimemwambia aiweke mkononi mwa Kadzo. Kadzo, mdogo wangu, naomba uisome kwa sauti siku ya kikao, wote mkiwa mmekaa. Najua mtasema mbona nisipige simu. Nimepiga. Kwenye simu ndugu yetu Karisa anasema, Mama analia, shangazi anamnyang'anya Karisa simu, halafu inakatika na mimi sijasema neno langu. Karatasi hakuna wa kuinyang'anya. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo Kadzo ukikuta neno limekwenda upande linyooshe, lakini usiliruke.

Kabla hujaendelea, inua macho utazame. Kaka yetu Katana yumo ndani? Kama yuko nje, au yuko mangweni kwa wauza pombe ya mnazi, weka barua chini na mtu aende akamwite. Mimi nitangoja.

Haya. Nimeelezwa yote. Mabati aliyonunua Karisa ya kuezekea jiko la Mama, Katana aliyabeba akayauza, na alichopata kikaishia mangweni. Mvua ikaja Mama akapika akiwa amejifunika gunia. Amekosa. Sitasema hakukosa, na wewe Katana wajua mwenyewe. Sasa Karisa anataka atoke bomani kabisa, chumba chake kivunjwe, na mmekaa ili mlipitishe hilo. Neno langu ni kwamba asitolewe. Lakini neno la mtu aliye mbali ni jepesi, kila mtu hulipeperusha. Kwa hivyo nitawaeleza nilichokiona huku, halafu mseme.

Njia yangu ya kwenda godauni inapita mbele ya duka la vyuma lililofungwa zamani. Barazani pale analala mtu. Hutandika mifuko mitupu ya simiti, na mingine hujifunika. Mara ya kwanza nilipompita kulikuwa hakujapambazuka sawasawa, nikaona kichwa cheupe, ndevu nyeupe, mgongo umekunjika. Mama, wewe ndiwe uliyekuwa ukituchapa tukimpita mtu mzima bila kumwamkia. Nikainama nikasema, "Shikamoo, mzee."

Nilidhani hasikii. Nimeshaanza kuondoka ndipo akasema, polepole kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani, "Marahaba, mwanangu."

Ikawa ndiyo ada yetu. Kila nikipita namwamkia, naye huitikia. Baadaye akaanza kuniuliza, "Nyumbani wazima? Mama mzima?" Namwambia wazima, tunamshukuru Mungu. Basi, hayo tu. Sikumpa chochote isipokuwa siku moja moja kipande cha mhogo.

Kazini nabeba magunia pamoja na mtu wa bara anayeitwa Wafula. Ana nguvu, na mdomo wake una nguvu kuliko mabega. Siku moja akaniona pale barazani. Tulipofika kwenye lori akawaambia wenzetu, "Nyinyi, huyu Charo ameinamia chokora."

"Ni mzee yule," nikasema.

"Mzee wa wapi? Wazee wako na boma. Yule ni takataka ya barabara."

"Kwetu mzee ni mzee."

"Kwenu hata mbuzi akizeeka mnamwamkia?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Kesho yake nikamwamkia tena yule mzee kama kawaida.

Halafu ikaja asubuhi ambayo nilisema shikamoo na jibu halikuja. Nikamsogelea. Alikuwa anatetemeka, na mguu umevimba hadi goti, vumbi la simiti limemla ngozi mpaka kumekuwa na kidonda. Nyapara wetu hufunga lango kazi ikianza, na ukichelewa umeipoteza siku. Sitawadanganya, nilisimama pale nikiupima mguu wake na siku yangu. Halafu nikambeba mgongoni. Mama, alikuwa mwepesi. Gunia la sukari lanilemea kumshinda yeye.

Sikumpeleka zahanati moja kwa moja, kwa vile alivyokuwa wangemrudisha mlangoni. Mlinzi alinifungulia kijilango cha pembeni, nikampitisha kwenye bomba la nyuma ya godauni nimsafishe kwanza. Nikamkuta Wafula yuko ndani tayari, mswaki mdomoni, na lango kubwa halijafunguliwa. Sikujiuliza. Nikamwambia mimina maji, na bila kutarajia akamimina.

Maji yakateremka meupe kama tui. Nikamsugua kichwa, yakazidi kuwa meupe. Na chini yake zikatoka nywele nyeusi. Ndevu nyeusi. Ile mvi yote ilikuwa simiti. Mtu tuliyemkalisha pale juu ya ndoo, ingawa meno ya mbele hana na mashavu yameingia ndani, alikuwa kijana kuliko mimi.

Wafula akasema, "Charo, mzee wako ameosheka. Umekuwa ukimwamkia mdogo wako."

Mimi nikaona haya, halafu nikaona hasira. Nikamwambia yule mtu, "Na wewe ulikuwa ukiniitikia. Mwanangu, mwanangu, kila siku."

Akainamisha kichwa, maji yakimchuruzika. "Nilitaka kukwambia siku ile ya kwanza. Wallahi nilitaka. Lakini watu wakija pale huniambia toka, sogea, nenda. Wewe uliinama. Nikasema nikimwambia mimi ni mdogo wake, kesho hatasimama."

Wafula akaniletea shati lake, nikamvika yule mtu, nikamwinua tena.

Tulikaa sana kwenye benchi la zahanati. Pale ndipo nilipojua anaitwa Hamisi, na kwao ni Shika Adabu, Likoni. Nilishangaa. Mimi nikitaka kuja kwetu nakaa ndani ya basi mpaka miguu inakufa ganzi. Yeye kwao ni kushuka kivukoni na kuvuka tu, na kivuko hakimtozi mtu anayekwenda kwa miguu.

"Mbona huendi?" nikamuuliza. "Una watu?"

"Ninao. Mama yuko, ndugu wako."

"Basi?"

Nesi akawaita watu wengine wawili, ndipo akasema. "Niliharibu mambo. Nilichukua vitu vya nyumbani nikauza. Wakaweka kikao. Mimi nilikuwa uani, nimekaa juu ya kinu, nasikia kila kitu. Kila mtu alisema lake. Wengine walisema kweli tupu. Nilikuwa nangoja waniite. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kuomba radhi. Hakuna aliyeniita. Mama alitoka kuja kuchota maji, akaniona, akarudi ndani. Basi nikaondoka."

"Wangekuita ungeingia?"

"Ningeingia hata kwa magoti."

Sikumuuliza ni kitu gani kilichomharibu mwanzo mpaka akauza vitu vya kwao. Hakusema, na uso wake ulionyesha kwamba hilo ni lake.

Siku ile niliipoteza. Kesho yake tulipokaa kula sima, Wafula akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Charo, wajua mbona ulinikuta ndani ya lango? Mimi nalala humu, nyuma ya magunia. Mwenye nyumba alinifungia mlango zamani. Mlinzi ananifichia siri."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukimcheka yule."

"Nilikuwa nikimcheka ili msinitazame mimi."

Nimefanya kazi na mtu huyu miaka, Mama. Tumebebeana magunia, jasho lake limenidondokea. Sikujua. Nikaanza kuwatazama wenzangu wote pale, kila mtu na sufuria yake, nikajiuliza huyu naye amefunika nini. Mimi mwenyewe kila mkinipigia nasema mgongo uko sawa. Hauko sawa. Usiku nalala kifudifudi. Nalisema leo kwa sababu nawaambia wengine waseme.

Wafula ndiye aliyemwendea nyapara kumwombea Hamisi kazi ya kushona magunia yaliyopasuka. Nyapara akafoka kwamba godauni si wodi ya wagonjwa. Halafu akampa sindano na uzi. Kidonda kinafunga. Siku nyingine Hamisi anakuja, anashona vizuri, mishono ya karibu karibu. Siku nyingine haji, na tukienda tunamkuta barazani amegeukia ukuta. Hajapona yote. Bado analala palepale, ila sasa hatandiki mifuko ya simiti, tumempa ya ngano. Asubuhi yeye ndiye huniamkia. "Shikamoo, kaka." Nami humwitikia, "Marahaba, mdogo wangu."

Sasa narudi kwenu.

Karisa, ndugu yangu, sisemi wewe ni mbaya. Wewe ndiwe uliyebaki. Sisi wengine tuliondoka, wewe ukabaki na Mama, na shamba, na misiba yote. Mabati yale uliyatolea jasho, na Katana akakunywea jasho lako. Una haki ya kukasirika, na nadhani una mengine yaliyokuchosha ambayo hakuna aliyekuuliza. Nikija nitakuuliza, tukae sisi wawili. Lakini ukivunja chumba cha Katana hutapata mabati. Utapata nafasi tupu bomani, na Mama ataitazama kila akitoka kuchota maji.

Katana alirudi kutoka Malindi peke yake, bila mke, bila mtoto, na begi moja. Alikwenda na familia. Nani kati yetu alimuuliza? Tulisema amekuwa mlevi. Tuliona mnazi, tukadhani ndio ugonjwa wenyewe.

Nasema hivi, na sitarudi nyuma. Mabati mengine nitayaleta mimi nikija Krismasi. Katana ndiye atakayepanda juu kuyapigilia, kila msumari, kwa sababu yeye ni fundi na ndiye aliyejenga ukuta huo mnaouegemea sasa hivi. Aombe radhi kwa Mama na kwa Karisa, mbele ya watu, kwa mdomo wake. Akikosa tena mtaniita nami nitakuja, hata nikipoteza kazi hii. Lakini haondoki. Na asizungumziwe akiwa nje. Mtu asemwe akiwa ndani, amepewa kiti, na zamu ya kusema ikifika kwake apewe.

Hamisi nilimsimulia habari ya kikao chenu. Sikudhani angejali. Tangu hapo ameniuliza mara mbili kitakaa lini. Jana alikuwa anashona gunia, akasema bila kuinua macho, "Huyo nduguyo akiitwa ndani, uniambie." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nataka tu kujua kama jambo hilo hufanyika." Nikamwambia kwetu hufanyika. Msinifanye mwongo.

Nisalimieni shangazi Dama, mwambieni ile dawa ya mgongo aliyonipa imekwisha na kwa kweli ilisaidia kidogo tu. Nisalimieni baba mdogo, aliyetufundisha kulima kwa mstari. Sidi mke wangu, nakusalimu peke yako, na maneno yako nimeyaandika kwenye kijikaratasi kingine alicho nacho Kahindi. Watoto wasome, na wampe yule mzee jirani yetu heshima yake hata akiwa mkali. Karisa, nakusalimu kwa mikono miwili. Kadzo, asante kwa sauti yako. Mama, tulia, niko hai na nitakuja.

Imebaki salamu moja. Katana, wewe ndiwe mkubwa wetu. Umenitangulia kutoka tumboni mwa Mama, na ulinibeba mgongoni kuvuka mto nilipokuwa siwezi. Sijui ni tangu lini tuliacha kukuamkia hapo nyumbani. Nadhani kila mmoja aliacha siku yake, na hakuna aliyeona.

Kaka Katana, shikamoo.

Kadzo, usisome tena. Mngojeni aitikie.

Ni mimi mdogo wake,
Charo