Mashuti Yasiyopigwa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako bado linakusumbua, au limeshaukubali umri? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, uchovu ndio haunitoki.

Uliniuliza kazi ya mchambuzi wa klabu kubwa ikoje. Ni kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya skrini tatu, ukitazama mechi ileile mara nne mpaka hata bao lisikusisimue. Sauti huwa tunaizima, maana kelele za mashabiki kutwa nzima zinapasua kichwa. Mama anadhani nalipwa kutazama mpira. Ni kweli, ila mpira huu haunogi.

Mwanzoni mwa msimu kocha alitaka kujua kati ya makipa wetu wawili nani analinda lango vizuri zaidi. Nilihesabu mashuti waliyookoa. Kijana alikuwa ameokoa mengi, tena kwa kuruka kwa madaha. Mkongwe, yule tunayemwita Kipaza kwa kupayuka kwake, alikuwa ameokoa machache, na muda mwingi alisimama mbali na goli. Nikaandika hivyo. Kocha akanisifu mbele ya watu, Kipaza akaenda benchi.

Tangu hapo tumefungwa mabao kumi na moja katika mechi tano. Barua yako ilisema aliyemtoa golini ana akili za kuku. Kaka, aliyemtoa ni mimi.

Wiki tatu zilizopita nilirudia mechi za zamani, nikafungua sauti. Kumbe Kipaza hakuwa anapayuka ovyo. Kila mshambuliaji alipotaka kuinua mguu, beki alikuwa ameshafika, kwa sababu Kipaza alikuwa ameshamtuma. Mipira mirefu aliitokea mapema, akaiondoa kabla haijaleta balaa. Mashuti hayakupigwa, nami sikuwa na cha kuhesabu. Kinga ni bora kuliko tiba, tulifundishwa tangu shuleni. Mimi nilihesabu tiba tu.

Sasa nikwambie linaloninyima raha. Nilijua, nikanyamaza. Sifa za kocha zilikuwa bado tamu, na kukiri kulinishinda. Mkataba wa Kipaza unaamuliwa Ijumaa hii.

Tena Jumatatu alikuja mwenyewe chumbani kwangu na daftari. Aliniomba kwa adabu, mtu mzima yule, nimwonyeshe anapokosea ajirekebishe, kwani ana watoto shuleni na hajui kazi nyingine. Ningemwambia palepale. Badala yake nilimwonyesha picha zilezile za mechi nilizohesabia mashuti, nikamshauri asogee karibu na goli na asipoteze pumzi kwa kelele. Aliandika yote. Akanishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

Leo nimeshuka uwanjani kutazama mazoezi. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa goli, kimya. Mabeki waligeuka mara kwa mara kumtazama, wakingoja awaambie kitu. Hakutamka neno. Niliona aibu, Kaka, nikashindwa hata kumaliza kutazama.

Ripoti mpya nimeshaiandika, na kesho asubuhi naipeleka kwa kocha. Akinifukuza, atakuwa na haki. Lakini kabla ya kocha nitagonga kwanza mlango wa Kipaza nimwambie alikuwa sahihi tangu mwanzo, na huo ndio mlango ninaouogopa.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama usimwambie, nitamweleza mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa