Siku Tuliyouliza Visiwa Viko Ukurasa Gani

Jumamosi, Desemba 2015. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu kidogo, na theluji haijulikani ilipo. Jirani wa chini amepita na kaptula. Desemba, Minnesota, kaptula! Siku nyingine ningekaa dirishani nikanung'unika juu ya jambo hilo mpaka chai ipoe. Leo nimeshindwa kunung'unika. Nina furaha mpaka sentensi hii nimeifuta mara tatu.

Tumeshinda.

Najua wasomaji wa blogu hii ni wa kuhesabu kwa vidole, na nusu yao ni binamu zangu. Binamu, mnayajua mengine, mtanivumilia. Wengine karibuni, nitaeleza tangu mwanzo, maana nikilala na habari hii kifuani itanipasua.

Mdogo wangu Echati yuko Paris. Sisi ni Wangazija wa Unguja: wazee walitoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, sisi tukazaliwa na kukulia Unguja. Mimi maisha yakanitupa huku Saint Louis Park, yeye akarudi Moroni na kuajiriwa kwenye mambo ya mazingira. Wiki mbili hizi alikuwa kwenye mazungumzo ya dunia nzima kuhusu tabianchi, katika ujumbe wa Komoro. Nikisema ujumbe msidhani ni msafara. Wanaenea kwenye teksi moja, wa mwisho akipakata mikoba ya wenzake.

Nchi kubwa zina mtu wa kila chumba, na mtu wa kumletea kahawa mtu wa kila chumba. Mikutano inakwenda sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na rasimu za mkataba zinaandikwa upya kila mara, kurasa juu ya kurasa. Mwenye watu wengi anasoma zote. Mwenye watu wachache anachagua cha kusoma, na kile asichokisoma ndicho kinachokuja kumfunga mikono.

Siku ya pili nilimpigia, sauti yake imekwisha. Nikamwambia, rasimu si zinawekwa kwenye tovuti kila mtu azione? Niachie mimi. Hiyo ndiyo kazi inayoniweka mjini. Ofisini Eden Prairie nalipwa kulinganisha mkataba wa jana na mkataba wa leo, niseme kilichobadilika, hata kama aliyebadilisha alitaka kisionekane. Ofisini wanaita ujuzi. Shangazi zangu wanaita uchokonozi.

Tukapanga hivyo. Jioni yetu ni usiku wao. Mimi nikitoka kazini nasoma, yeye akiamka anakuta maelezo.

Sasa niungame, maana shajara isiyo na ungamo ni tangazo tu.

Wiki ya kwanza nilimharibia. Nilisoma haraka, kiburi kimenijaa, nikamwandikia kwamba ile namba ya nyuzijoto moja na nusu imeondolewa kwenye rasimu. Hiyo ndiyo namba wanayoipigania visiwa: dunia isipashwe zaidi ya hapo, maana zaidi ya hapo bahari inapanda na si wote wenye mlima wa kukimbilia. Echati akaniamini. Akanyoosha mkono kwenye chumba kilichojaa watu, akalalamika kwamba visiwa vimefutiwa namba yao. Mwenyekiti akafungua karatasi taratibu, akamwonyesha. Namba ilikuwapo. Ilihamishiwa kurasa za mbele, basi. Watu wakatabasamu. Mkuu wake akamwambia, "Siku nyingine usome kwanza."

Hakuniambia kwa siku mbili. Aliponiambia, nilianza kujitetea. Ndiyo, mimi, mtu mzima, nilijitetea kwa mtoto niliyemfundisha kusoma.

Hapo ndipo alipoingia Mama Furaha.

Mama Furaha ni jirani yangu wa mlango unaofuata. Alikuwa mwalimu Bukavu, vita vikamtoa, akaishi kambini miaka ambayo hapendi kuihesabu, kisha akaletwa huku pamoja na wanawe. Sasa anafanya kazi hotelini Bloomington, na Jumapili anaongoza waimbaji kanisani kwao. Mimi na yeye hatuabudu pamoja wala hatupiki sawa, lakini sahani za sombe, kisamvu cha kwao, zinavuka ukumbi na za pilau zinarudi. Alikuja kurudisha sufuria, akanikuta na karatasi zimefunika meza, macho mekundu. Nikamweleza yote, na ile aibu pia. Akavua koti.

"Dada, weye unasoma maneno," akaniambia. "Miye nitasoma majina."

Kiingereza chake bado kinachechemea, lakini jina halihitaji Kiingereza kingi. Aliniambia nipitie rasimu ya zamani na kalamu nyekundu, nizungushie duara kila mahali palipoandikwa visiwa vidogo. Yeye akachukua ile mpya, akawa anatafuta duara moja baada ya jingine. Akilipata anatia alama, asipolipata anasema. Tukafanya hivyo kila jioni, mimi nikichapisha karatasi maktaba nikitoka kazini. Nilidhani ni kazi ya kumpa mgeni ajisikie ana msaada. Naandika hili kwa haya.

Jumatano hii jioni ikatoka rasimu mpya ya sehemu inayohusu misaada. Toleo la jana yake lilisema nchi zitakazoangaliwa kwanza ni nchi maskini kabisa na visiwa vidogo. Nikausoma ukurasa mpya, nikaona ni uleule, nikasema sawa, tuendelee.

"Attends, ngoja kidogo," akasema Mama Furaha. Kidole chake kimesimama. "Jana tulikuwa tuko hapa. Leo tuko wapi?"

Nikarudi kusoma. Nchi maskini kabisa zilikuwapo. Baada yake yalikuja maneno laini, ya kupendeza, kuhusu nchi nyingine zenye mahitaji. Sentensi ilitiririka vizuri kuliko ya jana, na ndiyo maana niliipita. Visiwa vidogo havikuwamo. Tukatafuta kurasa za mbele na za nyuma, tukakumbuka fedheha ya wiki ya kwanza, tukatafuta tena. Hatukuviona popote.

Na angalieni, alisema tuko. Bukavu iko mbali na bahari kama Minnesota.

Mkitaka kujua hasara yake ni nini, ni hii. Nyingine zenye mahitaji ni karibu dunia nzima. Kisiwa kikiingizwa kwenye kapu hilo kinasimama foleni moja na nchi zenye viwanda na majeshi. Mama yetu sasa yuko Ngazija, na ukuta wa kuzuia maji kijijini kwao umeshabomoka upande mmoja. Atakayekuja kuujenga upya atafungua mkataba kwanza aone kama tumetajwa.

Nilimpigia Echati. Kule alfajiri ilikuwa bado mbali, lakini siku za mwisho hakuna aliyekuwa analala. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza.

"Dada, una hakika? Hakika ya macho au hakika ya moyo?"

Swali hilo lilinichoma, na nilistahili kuchomwa. Nilisema ya macho. Lakini nilimwelewa. Akisimama mara ya pili na akaonyeshwa kwamba kapotea, hakuna atakayemsikiliza tena katika chumba kile, na si yeye tu, na nchi pia. Nchi ndogo haina akiba ya heshima ya kuchezea. Akisema anyamaze, na macho yetu yalikuwa sawa, basi jina limekwenda, kwa sababu kule asiyepinga amekubali.

Mama Furaha aliomba simu.

Alimweleza Echati habari za kambini. Orodha za wanaosafiri zilikuwa zinabandikwa ubaoni, na kila orodha ikiandikwa upya kuna jina linaanguka. Mara nyingine ni uchovu wa mwandishi, mara nyingine si uchovu. Jina lake liliwahi kuanguka. Waliokwenda kupiga kelele walifukuzwa mezani. Yeye hakupiga kelele.

"Usiwaambie 'mulitufuta'," akasema. "Wataanza kujitetea, na mutu akijitetea hasikii tena. Uwaambie tu, 'munionyeshe fasi, pahali niko.' Kama uko, watakuonyesha, utasema merci, utaikala chini. Kama hauko, watatafuta, batu wote wanaangalia. Wao njo watasema kwa kinywa yao kama hauko."

Upande wa pili nikasikia Echati anacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kuuliza si ujinga. Ukilalamika na umekosea, umeaibika. Ukiuliza na umekosea, umejibiwa.

Asubuhi yao visiwa vyote vilikutana, kama wanavyofanya kila siku kabla ya mikutano. Echati akaweka ukurasa mezani. Akagundua wenzake wawili walikuwa wameshaona pengo lilelile, ila kila mmoja alidhani amesoma vibaya kwa usingizi. Wakakubaliana wasilaumu mtu. Watauliza swali moja tu, na wataliuliza wengi.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa ofisini, nimekodolea macho mkataba wa mtu mwingine bila kuona neno. Simu ilipotikisika nilitoka mpaka kwenye maegesho bila koti. Ulikuwa ujumbe wa sauti, ananong'ona. Wa kisiwa cha Pasifiki ameuliza. Wa Karibi ameuliza. Halafu yeye: Mwenyekiti, tusaidie, visiwa vidogo viko ukurasa gani?

Anasema mwenyekiti alifungua karatasi akiwa na tabasamu lilelile la wiki ya kwanza. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Akamwinamia msaidizi wake. Chumba kizima kikawa kinasikiliza karatasi. Mwishoni akavua miwani akasema havimo, na kwamba havikupaswa kukosekana. Hakuna aliyesema kwa nini havikuwamo. Mjumbe mmoja wa nchi kubwa akaanza kusema sentensi ilivyo sasa inatosha, na kabla hajamaliza nchi maskini kabisa, ambazo jina lao lilikuwapo na zingeweza kukaa kimya, zikasema bila visiwa na wao hawaikubali.

Nilipiga kelele pale kwenye maegesho. Mzungu mmoja aliyekuwa anafungua gari lake akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kuliko nilivyowahi kuwa.

Toka siku hiyo nimefikiri sana juu ya nguvu. Nimeishi nchi hii kubwa miaka mingi mpaka nikaanza kuamini nguvu ni ukubwa: jeshi, viwanda, teksi ngapi. Lakini mkutano ule unaamua kwa maafikiano. Mkubwa hatoki na mkataba mpaka mdogo naye aseme ndiyo. Hiyo 'ndiyo' ukiigawa ovyo haina thamani, na ukiinyima kila siku utaonekana msumbufu. Visiwa vimekuwa vikiitunza kwa miaka, vikikaa pamoja, vikirudia namba ileile iliyokuwa inachekwa, mpaka nchi tajiri kadhaa zikavuta viti na kukaa upande wao. Mdharau mwiba mguu huota tende. Safari hii wamechomwa na miiba mingi iliyosimama pamoja.

Na leo.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana hapa. Kompyuta iko juu ya meza ya jikoni, mimi na Mama Furaha tumebanana mbele yake, amevaa sare ya hotelini tayari kwa zamu ya saa tisa. Tulisubiri muda mrefu, wakubwa wanatembeatembea, hakuna anayesema kinachochelewesha. Halafu mwenyekiti mkuu akasema maneno machache haraka haraka, akagonga nyundo, na ukumbi wote ukasimama. Watu wazima wenye suti walikuwa wanalia na kukumbatiana. Mama Furaha alipiga vigelegele vya kwao, mimi vya kwetu, na jirani wa kaptula akagonga dari kwa ufagio.

Moja na nusu imo. Visiwa vidogo vimo kwa jina, si mahali pamoja, na kwenye misaada vimo.

Echati alipiga simu. Nilisikia ukumbi, nikasikia anapumua, akanisikia nalia. Nilimwambia nisamehe kwa wiki ya kwanza na kwa kujitetea. Akasema, "Dada, wee! Leo?" Kisha akasema mkuu wake ameuliza ni nani aliyeona lile pengo, naye amemjibu ni mwalimu mmoja wa Bukavu. Nilipomweleza Mama Furaha, alikaa chini. Alirekebisha kola ya sare yake polepole, akaniomba nirudie, nami nikarudia.

Sitadanganya kwenye shajara yangu mwenyewe. Nimeusoma mkataba wenyewe mchana huu, baada ya yeye kwenda kazini. Kwenye moja na nusu wameandika watajitahidi. Kila nchi itajipangia yenyewe itafanya nini, na hakuna askari wa kumkamata atakayelala. Kuna mambo visiwa vilidai na havikuyapata. Mtu mwenye roho mbaya angesema ni ahadi tu.

Ni ahadi, sawa. Lakini ahadi iliyoandikwa ina mwandishi, na walikubaliana kwamba kila baada ya miaka kadhaa kila nchi italeta karatasi mpya kueleza imefanya nini. Karatasi mpya! Waliouandika mkataba walidhani wanazitisha nchi. Mimi wamenipa kazi ninayoipenda.

Nimeshamwambia Mama Furaha tutanunua kalamu nyekundu nyingine. Wakubwa na walete rasimu zao, nene watakavyo, laini watakavyo. Wajue tu kwamba Saint Louis Park kuna wanawake wawili, Mngazija mmoja na mwalimu mmoja, na wote wawili wanasoma mpaka ukurasa wa mwisho.