Geji Nilizomkuzia Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Mnara,

Pokea salamu tele za mdogo wako. Hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Na mapacha, bado wanagombea kiti cha dirishani kama tulivyokuwa tukigombea sisi? Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya Mama yanayolalamika kila asubuhi, na macho ya Baba, ambayo ndiyo yamenifanya niweke simu chini nikashika kalamu. Kuna maneno ambayo nikikwambia kwa simu utanikatiza kabla sijafika katikati, nami nitashukuru kukatizwa. Kwenye karatasi huwezi.

Kompyuta uliyotutumia iko salama, pamoja na usukani wake na ile programu ya kurusha ndege. Tuliiweka sebuleni, pale ilipokuwa cherehani ya Mama. Mama amehamia varandani na cherehani yake, na mpaka leo akipita hapo mlangoni anauliza kama abiria wa ndege hii wanaruhusiwa kupika.

Siku tulipoiwasha kwa mara ya kwanza, nilipatwa na kitu ambacho sikukitegemea. Kioo kilifunguka na kuonyesha ndani ya ndege ya injini mbili, sawasawa na ile aliyokuwa akiirusha Baba kazini, mpaka skrubu za pembeni. Mara nikawa na miaka sita. Nikaikumbuka karakana ya Jumamosi asubuhi, na ngazi ile fupi tuliyopandia, na viti vya ngozi vilivyokuwa vinaunguza mapaja jua likishapiga. Wewe ulikuwa unakaa kiti cha kulia ukiwaamrisha mafundi, ndege wa angani na Baba mwenyewe, ndiyo maana akakuita Mnara, kama ule wa kuongozea ndege. Mimi nilikuwa nyuma kwenye magunia ya barua na maboksi ya dawa, nimeshalala kabla injini haijapata moto, nikaitwa Abiria. Nililia kidogo, Dada. Mama alidhani kompyuta imeharibika.

Baba alikaa, akagusa kioo, geji moja baada ya nyingine, zile saa za kupimia kimo, mwendo na mafuta, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuondoka. Akazitaja zote bila kukosea. Kuzitaja alizitaja, kuzisoma ndiyo ilikuwa kazi. Siku hiyo aligonga mlima mara tatu. Mara ya nne akasema kioo kina vumbi, akakifuta kwa ncha ya shati lake. Kioo kilikuwa kipya.

Sasa, programu hiyo inakupa njia mbili. Unaweza kuacha chumba cha rubani kama kilivyo kwenye ndege ya kweli, kila geji mahali pake na kwa kipimo chake. Au unaweza kukipanga upendavyo: ukahamisha swichi, ukaficha usichokihitaji, ukakuza geji ikawa kama sahani. Nilimwambia Baba tuzikuze. Unamjua. Alinitazama kana kwamba nimemwambia tuweke mapazia. Akasema ndege haimfuati rubani, rubani ndiye anayeifuata ndege, na kwamba anayetaka kupanga vitu apendavyo akapange kabati lake.

Lakini unajua kazi yangu. Miaka kumi na minne napanga kurasa pale kiwanda cha uchapaji, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba herufi ukiikuza ghafla, msomaji anashtuka. Ukiikuza kidogo kidogo, hajui. Kwa hiyo kila Jumamosi, Baba akiwa anaoga, nilizikuza geji kwa kiasi cha unene wa ukucha. Ile ya kimo kwanza, kwa sababu ya milima. Halafu ya mwendo. Nilijiambia namfichia aibu tu, na kwamba mzee anayefurahi hana haja ya kujua kwa nini.

Wiki ya saba akaita nyumba nzima. Mama alikuja na mwiko mkononi. Baba akanyoosha kidole kwenye kioo akasoma kwa sauti: "Futi elfu tatu na mia mbili." Akasoma na mwendo, akasoma na mafuta. Sikuwa nimemwona na uso wa furaha kama ule tangu alipostaafu na kukabidhi funguo za kabati lake kazini. Jioni ileile ndipo alipokupigia simu kukwambia macho yake yamerudi, nawe ukalia, ukawatangazia ndugu wote, hata Mama Mdogo akafanya maombi ya shukrani.

Dada, macho hayakurudi. Mwongo ni mimi. Nimeandika kurasa hizi zote ili nifike hapa, na hata hivyo mkono umekuwa mzito.

Na hayo siyo mabaya zaidi. Ile dawa ya matone aliyopewa kliniki kwa presha ya macho aliifungia kwenye droo, kwa sababu mtu aliyepona hatumii dawa. Siku ya upasuaji wa macho aliyopangiwa ikapita, hakwenda, hakutuambia. Nilijua pale muuguzi wa kliniki aliponipigia kazini kuuliza mgonjwa wangu yuko wapi. Na hapo hapo, badala ya kukimbia nyumbani, nilianza kuhesabu sababu za kusubiri. Nilimwacha na furaha yake siku kumi na moja nikiwa najua. Hizo siku kumi na moja ndizo zinazoniuma, kuliko zile wiki saba nilizokuwa mjinga.

Mama ndiye aliyenifungua. Aliiona ile droo na dawa iliyofungiwa, akaniona na mimi, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemsaidia kuficha je? Hakuniuliza zaidi, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya chai, nikapiga moyo konde. Baba alikuwa ameshakaa kitini, injini zinanguruma. Nilimwambia, Baba, nina jambo, na kwa kuwa sikuweza kulisema, nilibonyeza ile sehemu inayorudisha kila kitu kwenye kipimo cha kweli. Geji zote zikanywea mbele yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akaegemea kiti, taratibu.

"Kumbe iliyokuwa inapona ni kompyuta," alisema.

Nilipiga magoti, nikaomba radhi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kwa siku mbili alizungumza nami kupitia kwa Mama: mwambie binti yako chai imepoa, mwambie binti yako afunge dirisha. Siku ya tatu alikuja mwenyewe chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipougua surua.

"Geji nisiyoiona, naweza kuomba mtu anisomee," akaniambia. "Geji inayonidanganya ndiyo iliyowamaliza wenzangu. Usinifanyie tena."

Nikamwambia sitafanya tena. Akanyoosha mkono, akanipa ile chupa ya matone, akaniuliza kama haijaisha muda wake. Nikamsomea tarehe. Nilisoma mara mbili, na sikutia chumvi hata chembe.

Upasuaji umefanyika, leo ni wiki ya nne. Daktari wa macho ni mama mmoja mpole lakini hazungushi maneno. Alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza kulindwa. Jicho la kushoto limekwenda, Dada. La kulia limebaki na kiasi, na akifuata dawa anaweza kukaa nalo, ila ni kwa muda gani, hakutaka kuahidi. Nilimuuliza kama wiki zile bila matone ndizo zilizolimaliza la kushoto. Alisema huenda lilikuwa njiani tayari. Huenda. Neno hilo nalala nalo, naamka nalo, na sikuombi uniondolee.

Juzi Baba alirudi kwenye kompyuta. Alikaa, akaniita. "Zikuze," akasema, "lakini safari hii mimi ndiye nitakayesema basi." Tukakaa asubuhi nzima. Geji ya kimo imekuwa kama sahani kweli. Ya mwendo ameihamishia kulia, upande wa jicho linaloona, mahali ambapo hakuna ndege duniani iliyowahi kuiweka. Swichi za taa za abiria amezifuta kabisa. Anasema abiria wake siku hizi halali tena. Nilipofika kwenye geji ya mafuta alinizuia mkono. Hiyo niiache ndogo vilevile, akasema, umri huu hana haja ya kuona kumebaki kiasi gani. Tukacheka mpaka Mama akaja kutuangalia. Ile siyo ndege ya kweli tena hata kidogo, lakini anaijua yote, na anairusha, na juzi hakugonga kitu.

Tafadhali waeleze ndugu ukweli kama nilivyokueleza, na uniweke kwenye lawama, si yeye. Mama Mdogo mwambie polepole, kwa sababu ya yale maombi. Mama anakusalimu sana, anasema lile gauni alilokuahidi amelikata, bado kushona tu. Msalimie shemeji, na mapacha wabusu wote wawili kwa zamu, wasije wakahesabu. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape afya, na awape macho ya kuonana nasi.

Nimemsomea Baba barua hii yote kabla ya kuifunga, maana nimekoma kufanya mambo nyuma yake. Alisikiliza amefumba macho. Nilitegemea ataniambia nifute pale pa kugonga mlima, lakini hakufuta kitu. Alitaka niongeze neno lake moja tu, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie Mnara aje mapema. Geji unaweza kunikuzia. Uso wa mwanangu nataka niuone kwa ukubwa wake."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Abiria