Kigoda Kilichosafishwa Sumu

3 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo, na goti je? Sisi wazima. Cherehani bado inalia nami bado naifokea.

Nimefurahi mno kusikia kibali chako cha kusafiri kimetoka na Agosti utakuja. Miaka thelathini bila kuonana si mchezo. Nami najiandaa. Ghorofani, juu ya fundi viatu, kuna Mtaalamu anayesafisha mwili. Asubuhi nakunywa juisi ya tango na ndimu, mchana chai yake, jioni juisi tena, basi. Jumamosi natia miguu katika beseni la maji ya chumvi, anawasha umeme, sumu inatoka nyayoni. Kaka, maji yanageuka rangi ya kutu nikitazama. Niliona haya. Kumbe nimebeba uchafu wote huo.

Vidonge vya presha kasema niviache, maana navyo ni sumu.

Mdogo wako,
Sindano


20 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Muulize huyo Mtaalamu: sumu hiyo inaitwaje? Kila sumu niliyokutana nayo katika vitabu vya maktaba yetu ya huku ilikuwa na jina. Yake haina, kama mtoto aliyekanwa na baba. Wewe una ini na figo. Zinakusafisha tangu hujaota meno, bila beseni wala bango mlangoni. Chai yake inakuendesha tumbo tu. Ndoo ukiimwaga inakuwa tupu, haiwi safi.

Na yale maji ni chumvi, umeme na chuma cha mtambo wake kinacholika kutu. Huamini? Mwambie atie mguu wa kigoda.

Vidonge meza leo. Mama aliangushwa na presha jikoni, nami nikamzika kwa barua. Sitaki kumzika mwingine hivyo. Sikujua kwamba huko nyumbani niliacha mdogo mjinga.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Salamu. Mimi mzima, kama unataka kujua.

Mjinga huyu ndiye aliyemwosha Mama. Wewe ulikuwa na vitabu vyako. Usiniandikie tena habari za ini.

Sindano


15 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Safari hii nauliza kwa kuwa sijui.

Barua zangu mbili za Aprili hukuzijibu. Neno "mjinga" nalirudisha. Dharau yangu kwa Mtaalamu siirudishi, ameitolea jasho. Tarishi akipita nasimama, goti likitaka lisitake. Kama hutaki kuandika, nitumie karatasi tupu, nijue mkono upo.

Kaka yako


9 Juni

Kaka mpendwa,

Pole na goti, na pole kwa kusubiri. Mkono upo, ila kidole cha shahada kimefungwa bendeji. Nilikuwa nashona kola, chumba kikazunguka, sindano ya cherehani ikapita ukuchani. Fundi viatu akanikimbiza zahanati. Muuguzi akapima presha, akakitazama kipimo, akapima tena mkono wa pili.

"Vidonge vyako viko wapi, mama?"

Nikamweleza habari za beseni. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Sasa nameza kila asubuhi, usiwe na wasiwasi. Jumamosi iliyofuata nikapanda kwa Mtaalamu na kigoda changu. Wenzangu kwenye foleni walidhani nimechoka kusimama. Nikamwambia, "Leo msafishe huyu." Akakataa. Muuza mitumba nyuma yangu akasema, "Washa, baba, tuone." Nikatumbukiza mguu mmoja wa kigoda, akawasha. Maji yakawa kutu tupu, meusi kuliko yangu.

"Mbao hunyonya sumu za nyumbani, mama," akasema, hata kupepesa macho hakupepesa.

"Basi kipe na chai," akasema muuza mitumba. "Tuone kitakimbilia wapi."

Tuliteremka ngazi tukishikana kwa kicheko. Lakini usifurahi sana. Wiki iliyofuata foleni ilikuwa ile ile, na jirani yangu mmoja kapeleka viti vyake vyote.

Sasa nikwambie nililokuficha. Si sumu iliyonipeleka kule. Uliniacha mwembamba ukaniita Sindano, na huko uliko umeishi na huyo Sindano miaka yote. Mimi sasa napita mlangoni kwa ubavu. Niliogopa utashuka, uangaze macho huku na huko, kisha unipite kama usiyenijua.

Kwa hiyo Agosti usimtafute Sindano. Mtafute mwanamke mnene aliyekaa kwenye kigoda chenye mguu mmoja wa rangi ya kutu. Nimeusugua kwa sabuni na mchanga. Hautakati.

Mdogo wako