Kwa Godlisten Mmari, Uliyeimba Tooting Ukanyamaza Barking

Mwaka umetimia sasa, Baba Noel, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipoinama kufunga kamba za viatu na hukuinuka tena. Kiatu cha kushoto ulikuwa umeshakifunga. Mpaka leo sijakifungua.

Wengi hapa Landani walikujua kama baritoni, mwimbaji wa sauti nzito, wa opera. Sisi tulikujua tangu unafagia mabehewa ya treni, unaimba ndani yake kwa sababu yalikuwa na mwangwi zaidi kuliko bafu letu. Miaka sita ulikwenda kujaribiwa sauti na kurudi ukisema, "Wamenishukuru sana." Nami nikajua wamekukataa tena, nikakupakulia. Walipokuchukua hatimaye, ulinunua koti moja jeusi, ukalivaa miaka kumi na tisa.

Hukuwa na makuu. Kwenye kwaya yetu ya Kiswahili, mtaani kwetu Barking, ulisimama mstari wa nyuma, ukaimba kwa kujizuia ili kina baba wengine nao wasikike. Ulikuja kuwaimbia wazee ninaowahudumia kazini. Bibi mmoja akakwambia upunguze sauti, ukapunguza, ukamwomba radhi.

Marafiki waliniuliza kama siwaonei wivu wale wasichana wa jukwaani. Wasichana gani? Katika hadithi za opera baritoni hapati mchumba. Mchumba ni wa yule wa sauti ya juu. Wewe ulikuwa baba wa msichana, au adui, au askari jela. Niliyemwonea wivu ana miaka sabini na moja na goti bovu, na anakaa Tooting, upande wa pili wa Landani.

Champa, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, ndiye aliyekupigia piano na kukufundisha miaka ishirini na miwili. Kila Jumanne ulimpelekea sauti nzima. Nyumbani uliimba nusu, kwa ajili ya koo lako na majirani. Siku ya onyesho na siku ya kabla yake hukusema kabisa. Uliandika nyuma ya bahasha. "Chumvi imezidi." "Fundi wa boila ya maji moto amekuja, hana kifaa." "Noel amefaulu, jifanye hujui." Kugombana na mtu anayeandika ni kazi. Hasira yangu ilikwisha wewe bado unatafuta kalamu. Sauti yako nzima niliisikia ukumbini, pamoja na watu elfu mbili, nimekaa juu kabisa nakuona kama kidole gumba.

Mwezi uliopita Champa alinipigia simu. "Mama Noel, mkiandika tangazo la kumbukumbu, niwekeni na mimi."

"Tangazo ni la familia, Champa."

Akasema, "Haya."

Binti yetu Elinaja alisikia. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba nimekuwa mbaya. Basi nikachukua lile kopo la biskuti lenye bahasha zako zote, nikaenda Tooting. Sikwenda kuomba radhi, nisikudanganye. Nilitaka aone na mimi nina nini.

Akanipa chai, akaweka kanda ya zamani ya mazoezi yenu ya Jumanne. Ukaimba, Baba Noel, mpaka vikombe vikatikisika. Kisha sauti yake: "Tena." Ukaimba. "Tena." Mara ya nne ukasema, "Champa, leo nimechoka."

"Kuchoka kachokee kwa mkeo. Hapa, tena."

Nikacheka, nikalia kidogo. Kumbe huko nako hukupumzika.

Kisha akavaa miwani, akasoma bahasha zako moja moja, polepole, mpaka chai yake ikapoa. "Mimi hakuniandikia hata moja," akasema. Akashika ile ya chumvi. "Hii niachie."

"Hapana."

"Basi na kanda huipati."

Nikamtazama usoni nikauona wivu wangu umekaa pale, umekunja midomo. Haupendezi, Baba Noel. Kumbe miaka yote hiyo ndivyo nilivyokuwa nikionekana kila Jumanne.

Bahasha ya chumvi nimemwachia. Kwa kuazima.

Ibada ya kumbukumbu ni Jumamosi saa nane mchana, kanisani kwetu Barking. Champa ataleta kanda, na nimemwambia afungulie sauti yote. Majirani watatuvumilia.

Unakumbukwa na mkeo Gladness. Wanao Noel na Elinaja. Dada yako Anastasia na ukoo wote wa Mmari, Machame. Wanakwaya wenzako wa Barking. Na Champa wa Tooting. Jina lake liko mwisho na litabaki mwisho, lakini lipo.

Hatutakusahau kamwe, Baba Noel: siku za sauti, na siku za kimya.